Kadi ya Uanachama na Cheche za Mlimani: Historia kwa Mwanafunzi Anayeingia Chuo Kikuu

Katika likizo iliyopita, binti mmoja niliyemfundisha Kiswahili kwa miaka minne alikuja kunisalimu nyumbani kwangu hapa Bugembe. Sasa yuko mwaka wa kwanza katika chuo kikuu kimoja huko Mbale. Baada ya salamu na chai, alitoa mkobani fomu iliyokunjwa vizuri. Ilikuwa fomu ya kujiunga na shirika la kimataifa la wanafunzi, lenye lengo la kukuza viongozi vijana. Ada ya kujiunga ilikuwa shilingi 120,000, na mkutano wa nje ya nchi ulikuwa na gharama yake pekee.

"Mwalimu," aliniambia, "wanasema nikijiunga nitakuwa kiongozi."

"Kiongozi wa nini?"

Akafikiri kidogo. "Kiongozi tu, Mwalimu."

Baba yake ni mkulima wa miwa. Msomaji anayeishi Busoga anajua maana yake: muwa hukaa shambani mwaka mmoja na zaidi kabla haujakatwa, na fedha zake zikija huwa zimekwisha kugawanywa katika karo, dawa na deni la dukani. Shilingi 120,000 si jambo dogo katika nyumba hiyo. Sikutaka kumwambia "jiunge", wala sikutaka kumwambia "usijiunge". Nilimwambia asubiri nimsimulie historia. Historia hiyo ndiyo ninayokuandikia leo, kwa sababu najua wengi wenu mtaletewa fomu kama ile.

Nikiri kwanza jambo moja. Mimi sikusoma chuo kikuu. Nilisoma chuo cha ualimu na kupata stashahada. Huko nako tulikuwa na chama kilichotuahidi uongozi. Nililipa ada, nikapewa fulana na cheti chenye nembo ya kung'aa. Cheti hicho bado ninacho. Kila nikikitazama, sikumbuki hata jambo moja nililolifanya ili kukistahili. Ndiyo maana habari ya vijana ninaokusimulia iliponifikia, niliisoma kwa wivu.

Kwa nini vijana wa Uganda walikwenda Dar es Salaam

Tuanze na chuo chenyewe. Mnamo Oktoba 1961, wiki chache kabla ya uhuru wa Tanganyika, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza kama chuo kidogo cha sheria. Wanafunzi wake wa kwanza hawakufika hata 20, na walisomea katika jengo la chama cha TANU katikati ya mji. Mwaka 1964 chuo kilihamia kwenye kilima nje ya mji, mahali ambapo hadi leo watu hupaita Mlimani.

Mwaka 1963 chuo hicho kiliungana na Makerere na Nairobi kuwa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki. Vyuo hivyo vitatu viligawana baadhi ya kazi. Aliyetaka udaktari alikwenda Makerere. Aliyetaka uhandisi alikwenda Nairobi. Aliyetaka sheria alikwenda Dar es Salaam. Kwa hiyo, kijana wa Bugisu au wa Ankole aliweza kupanda basi na meli kwenda pwani kusoma, akakaa bweni moja na Mtanzania, Mkenya na Mmalawi. Muungano huo ulidumu hadi mwaka 1970, kila nchi ilipochukua chuo chake.

Tazama jambo hili vizuri. Kabla ya kuwapo kwa shirika lolote la kimataifa la wanafunzi lenye nembo na tovuti, bweni lenyewe lilikuwa la kimataifa. Pia Dar es Salaam haikuwa mji wa kawaida. Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika ilikuwa na makao yake hapo tangu mwaka 1963. Chama cha FRELIMO cha Msumbiji kilikuwa kimeundwa mjini humo mwezi Juni 1962. Mwanafunzi aliyeshuka mjini kununua sabuni aliweza kupishana barabarani na mpigania uhuru wa Msumbiji au wa Afrika Kusini.

Maandamano ya mwaka 1966

Usidhani, hata hivyo, kwamba wanafunzi wote wa Mlimani walikuwa wanamapinduzi. Tarehe 22 Oktoba 1966 mamia yao waliandamana hadi Ikulu kupinga sheria ya Jeshi la Kujenga Taifa, iliyowataka wahitimu kulitumikia taifa kwa miaka miwili na kukubali kukatwa sehemu ya mshahara katika kipindi hicho. Bango mojawapo lilidai kuwa wakati wa ukoloni mambo yalikuwa afadhali.

Rais Julius Nyerere aliwasikiliza, kisha akakasirika. Aliwaambia kwamba wao ni sehemu ya tabaka linalolipwa kupita kiasi katika nchi ya maskini. Alitangaza kupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20, na akawarudisha makwao wanafunzi karibu 400. Baadaye wengi waliruhusiwa kurejea.

Tukio hilo liliacha swali kubwa kilimani: msomi ni wa nani? Je, ni wa nafsi yake na mshahara wake, au ni wa mkulima aliyemlipia? Tarehe 5 Februari 1967 likatangazwa Azimio la Arusha, lililoeleza siasa ya ujamaa na kujitegemea, na swali hilo likazidi kuwa moto. Katika joto hilo ndipo kilipozaliwa chama tunachokizungumzia.

Chama kisicho na kadi za kupendeza

Mwishoni mwa mwaka 1967 kikundi cha wanafunzi wa Mlimani waliunda chama cha mapambano ya kimapinduzi ya wanafunzi wa Afrika, kilichojulikana kwa kifupi cha jina lake la Kiingereza: USARF. Mwenyekiti wake alikuwa kijana wa Uganda aliyekuja kusoma siasa na uchumi, Yoweri Museveni. Miongoni mwa wenzake alikuwamo rafiki yake wa tangu utotoni, Eriya Kategaya, aliyesoma sheria, pamoja na Mtanzania Issa Shivji, naye wa sheria. Walikuwamo pia Wakenya, Wamalawi, Wasudani, Waethiopia na Wazimbabwe. Mlezi wao wa mawazo alikuwa mwalimu wa historia kutoka Guyana, Walter Rodney, ambaye alikuwa hajafikisha hata miaka 30.

Huyu Rodney ndiye aliyetoa mwaka 1972 kitabu kinachoeleza jinsi Ulaya ilivyoidumaza Afrika, kitabu ambacho bado kinasomwa katika vyuo vya dunia nzima. Lakini wakati tunaouzungumzia, alikuwa mwalimu kijana tu, anayekaa na wanafunzi na kubishana nao.

Sasa uliza: wanachama hawa walifanya nini? Hapa ndipo historia inapokuwa na mafunzo.

Kwanza, walisoma. Siku za Jumapili, wengine walipokwenda ufukweni au kulala, wao walikutana darasani kwa hiari yao. Walisoma maandishi ya Frantz Fanon, Kwame Nkrumah, Marx na Lenin, kisha wakahojiana. Hapakuwa na mtihani wala alama, na hakuna cheti kilichotolewa.

Pili, walifanya kazi kwa mikono. Walikwenda katika vijiji vya ujamaa wakalima pamoja na wakulima. Kwa mwanafunzi wa chuo kikuu wa miaka hiyo, aliyeoshewa vyombo na kutandikiwa kitanda bwenini, kushika jembe mbele ya watu lilikuwa somo gumu kuliko Fanon.

Tatu, walikwenda kuona kwa macho yao. Mwaka 1968 kikundi kidogo, kikiongozwa na mwenyekiti wao, kilivuka mpaka na kuingia kaskazini mwa Msumbiji, katika maeneo ambayo FRELIMO ilikuwa imekwisha kuyakomboa kutoka kwa Wareno. Museveni aliandika baadaye insha ya chuo akiyapima mawazo ya Fanon kuhusu vita vya ukombozi kwa yale aliyoyaona huko. Hata kama hukubaliani na mawazo yenyewe, angalia mwendo wake: alisoma, akaenda kuona, akarudi, akaandika.

Siku ya matambara

Kuna kisa kimoja cha mwaka 1968 ambacho huwasimulia wanafunzi wangu kila mwaka. Chuoni palikuwa na desturi iliyorithiwa kutoka vyuo vya Uingereza. Kila mwaka, siku moja, wanafunzi walivaa matambara, wakapanda magari na kupita mitaani wakicheka na kuimba, huku wakichangisha fedha kwa ajili ya maskini. Nia ilionekana njema. Nani atapinga kuchangia maskini?

Wanachama wa USARF walipinga. Walisema kwamba mtoto wa mkulima aliyepewa elimu ya bure hawezi kuvaa umaskini wa baba yake kama vazi la sherehe. Matambara yale, ambayo kwa mwanafunzi yalikuwa mchezo wa siku moja, kwa mtu wa Manzese au wa kijijini yalikuwa nguo za kila siku. Msafara wa mwaka huo ukazuiwa.

Unaweza kusema walikuwa wakali mno. Pengine ni kweli. Kuzuia wenzako kwa nguvu si njia ninayokufundisha, kwa kuwa mwanafunzi mwenzako ana haki ya kukosea. Lakini swali walilouliza bado ni zuri, na linatufaa sisi tunaopiga picha tukiwa tumewakumbatia yatima ili tuziweke kwenye simu: je, kazi hii ya hisani inamheshimu yule tunayesema tunamsaidia?

Jarida lililoitwa Cheche

Mnamo Novemba 1969 chama kilianza kutoa jarida lake, *Cheche*. Ninyi mnaojifunza Kiswahili mnajua kuwa cheche ni chembe ndogo ya moto irukayo kutoka katika kuni au chuma. Jina hilo lilifuata nyayo za magazeti mawili: *Iskra* la Lenin huko Urusi na *Spark* la Nkrumah huko Ghana, ambayo majina yake yana maana ileile.

Wahariri walikuwa wanafunzi: Karim Hirji, Henry Mapolu na Zakia Meghji. Jarida lilitolewa kwa gharama ndogo sana. Kurasa zilipigwa chapa kwenye stensili, zikarudufiwa kwa mashine ya kuzungusha, na vijana wenyewe wakazipanga na kuziuza. Ukitaka kumjua mtu anayeamini jambo, usimsikilize akihutubia. Mtazame usiku wa manane akipanga kurasa.

Mwalimu wa Kiswahili hawezi kupita hapa bila neno. Jarida lilikuwa na jina la Kiswahili, lakini makala yake mengi yaliandikwa kwa Kiingereza. Mkulima waliyemwandikia asingeweza kuyasoma. Sisemi hivyo kwa dharau. Wanachama walitoka nchi nyingi, na Kiingereza ndiyo lugha iliyowaunganisha darasani. Hata hivyo ni funzo kwako: chama kinachodai kusema kwa niaba ya watu hakina budi kujua lugha ya watu hao.

Mwezi Septemba 1970 lilitoka toleo maalumu lenye makala moja ndefu ya Issa Shivji. Alidai kwamba katika Tanzania ya ujamaa kulikuwa na mapambano ya kimyakimya baina ya matabaka, na kwamba maofisa wa serikali na mashirika ya umma walikuwa wakigeuka kuwa tabaka jipya linalojinufaisha. Kumbuka kwamba vijana hawa waliuunga mkono ujamaa. Walichokifanya ni kuichukua ahadi ya viongozi na kuipima kwa hali halisi.

Miezi miwili baadaye, Novemba 1970, chama na jarida vilipigwa marufuku. Sababu zilizotolewa zilikuwa mbili. Ya kwanza, jina *Cheche* lilileta picha kwamba Tanzania inaiga itikadi ya kigeni, ilhali ilikuwa na ujamaa wake. Ya pili, tayari palikuwapo na Umoja wa Vijana wa TANU chuoni, kwa hiyo chama kingine hakikuhitajika. USARF ilikuwa imeishi miaka mitatu tu.

Vijana hawakutupa kalamu. Mwaka 1971 jarida jingine lilianza kutoka chini ya mwavuli wa Umoja wa Vijana wa TANU, likiitwa *MajiMaji*, kwa kumbukumbu ya vita vya mwaka 1905 hadi 1907 dhidi ya Wajerumani. Jina hilo lisingeweza kuitwa la kigeni.

Nani analipa?

Ndugu mwanafunzi, wakati vijana wa Mlimani wakijipangia kurasa, duniani palikuwapo na mashirika makubwa ya kimataifa ya wanafunzi. Mwaka 1946, mara baada ya Vita Kuu ya Pili, Umoja wa Kimataifa wa Wanafunzi uliundwa huko Prague, na baada ya muda mfupi ukawa upande wa Umoja wa Kisovieti. Mwaka 1950 wanafunzi wa nchi za Magharibi wakaanza mkutano wao wa kimataifa, ambao ofisi yake ilikuwa Leiden, Uholanzi. Pande zote mbili ziliwaalika vijana wa Afrika, zikawapa tiketi za ndege, nafasi za masomo na vyeo.

Kisha mwaka 1967, mwaka uleule wa Azimio la Arusha, jarida la Marekani liitwalo *Ramparts* lilifichua kwamba shirika la taifa la wanafunzi wa Marekani lilikuwa likipokea fedha za shirika la ujasusi, CIA, kwa siri tangu mwanzoni mwa miaka ya 1950. Fedha hizo zilipitishwa katika mifuko ya hisani ili asili yake isijulikane. Mkutano ule wa Leiden, ambao nao ulitegemea fedha hizo, haukupona. Mwaka 1969 ulikwisha.

Fikiria kijana aliyekwenda mkutanoni kwa moyo safi, akahutubia juu ya uhuru wa Afrika, kisha akaja kugundua kuwa tiketi yake ililipwa na majasusi. Hotuba yake haikuwa ya uongo. Lakini hakuwa ameuliza nani analipa, au aliuliza akadanganywa. Wahenga walisema, ukiona vyaelea, vimeundwa. Chombo kinachoelea kina fundi wake, na kina mwenye mbao.

Sisemi kwamba mashirika ya leo ni ya kijasusi. Lipo, kwa mfano, shirika la AIESEC, lililoanzishwa na wanafunzi wa nchi kadhaa za Ulaya mwaka 1948 ili vijana wa mataifa yaliyokuwa yamepigana wafahamiane, na sasa lina matawi katika nchi zaidi ya 100. Vijana wengi wamefaidika nalo na mengine kama hayo. Ninachosema ni kwamba swali "nani analipa?" si utovu wa adabu. Ni swali la kiraia.

Walikokwenda

Wanachama wa kilimani walikwenda wapi? Shivji alibaki chuoni, akawa profesa wa sheria anayeheshimiwa barani kote. Hirji akawa profesa wa takwimu za tiba, na baadaye akakusanya kumbukumbu za wenzake kuhusu jarida lao. Zakia Meghji akawa waziri, na mwaka 2006 akawa mwanamke wa kwanza kuwa Waziri wa Fedha wa Tanzania. Yoweri Museveni alirudi Uganda mwaka 1970, akaingia katika mapambano dhidi ya Idi Amin na baadaye vita vya msituni, na tangu Januari 1986 ndiye Rais wetu.

Kwa sisi wa mashariki, kuna jina la kukumbuka pia: James Wapakhabulo, mtu wa Bugisu, naye alisoma sheria Dar es Salaam. Yeye ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa Bunge la Katiba lililojadili na kupitisha Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, kisha akawa Spika. Alifariki mwaka 2004. Mbale ilimpeleka bungeni. Ukipita huko, waulize wazee habari zake.

Katiba ile ya 1995 iliweka kikomo cha vipindi viwili vya miaka mitano kwa Rais. Mwaka 2003 mjadala wa kuondoa kikomo hicho ulipopamba moto, Eriya Kategaya, yule rafiki wa Mlimani, alipinga hadharani kuondolewa kwake, na akapoteza nafasi yake katika Baraza la Mawaziri. Mwaka 2005 kikomo kiliondolewa. Mwaka 2006 Kategaya alirudi serikalini, akashughulikia mambo ya Jumuiya ya Afrika Mashariki hadi alipofariki mwaka 2013.

Mabadiliko ya Katiba ya mwaka huohuo wa 2005 yaliifanya lugha yetu, Kiswahili, kuwa lugha rasmi ya pili ya Uganda. Na mnamo Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha Kiswahili kifundishwe kama somo la lazima katika shule za msingi na sekondari. Hivyo somo unalolisoma sasa lina mizizi katika mwaka uleule wa mjadala mkubwa.

Sikuandikii haya ili kukuambia nani alikuwa sahihi. Wewe ni raia. Utasoma na kuamua. Nakuandikia ili uone kwamba maswali ya kuongoza nchi yalianza kama maswali ya kuongoza chama cha wanafunzi: nani anaruhusiwa kumkosoa kiongozi? Rafiki akitofautiana na rafiki, je, bado ni rafiki? Kiongozi anaondokaje madarakani? Ukizoea majibu mabaya ukiwa na miaka 20, utayabeba hadi uzeeni.

Maswali manne kabla ya kujaza fomu

Kutokana na historia hii, nilimpa binti yule maswali manne ayapeleke Mbale. Nakupa na wewe.

La kwanza: chama hiki hufanya kazi gani siku ya kawaida? Usiulize kuhusu siku ya mkutano mkuu. Uliza kuhusu Jumanne. Kama hakuna la kufanya Jumanne, uongozi utajifunza wapi?

La pili: nani analipa, na hesabu husomwa mbele ya nani? Ada yako inakwenda wapi? Kama tawi lina mweka hazina, lina budi kuwa na siku ya kusoma hesabu.

La tatu: mwanachama asiyekubaliana na mwenyekiti hutendewaje? Mtafute mtu aliyejitoa, umsikilize.

La nne: viongozi huondokaje? Je, kuna muhula ulioandikwa, na unafuatwa?

Utaona kwamba sikukuambia uulize ni nchi ngapi utakazotembelea. Safari ni njema. Vijana wa Mlimani nao walisafiri. Lakini wao walikwenda mahali palipokuwa na swali, wakarudi na jibu la kuwaandikia wenzao. Safari isiyo na swali ni matembezi, na matembezi si lazima yalipiwe na miwa ya baba.

Alivyoamua

Binti yule alirudi Mbale na maswali yake. Baada ya wiki tatu alinipigia simu. Kazi ya siku ya kawaida ilikuwapo: kila wiki wanachama hufundisha kusoma na kuandika katika shule mbili za msingi za jirani. Muhula wa viongozi ni mwaka mmoja, na unafuatwa. Alimpata aliyejitoa, alikuwa amejitoa kwa sababu ya masomo tu. Kuhusu fedha, aliambiwa kwamba hesabu zipo, ila hakuna aliyewahi kuomba zisomwe.

"Kwa hiyo umeamuaje?" nikamuuliza.

"Nimejiunga, Mwalimu. Nimelipa nusu, nusu nyingine nitalipa muhula ujao. Na katika kikao cha kwanza nikaomba hesabu zisomwe."

"Wakasemaje?"

"Walinyamaza. Halafu mweka hazina akasema atazileta kikao kijacho. Alizileta. Zilikuwa na makosa mawili ya kujumlisha, tukayasahihisha pamoja."

Hajapanda ndege, wala hajapewa cheo. Lakini nilipoweka simu chini, nilikitazama kile cheti changu chenye nembo ya kung'aa, nikajua ni nani kati yetu aliyekwisha kuanza kuwa kiongozi.

Maswali ya mjadala

1. Eleza kwa nini vijana kutoka Uganda na Kenya walikwenda kusoma Dar es Salaam katika miaka ya 1960.
2. "Kuvaa matambara ili kuchangia maskini ni kuwadhihaki." Unakubali? Toa hoja zako, na utaje mfano mmoja wa siku hizi.
3. Je, serikali ilikuwa na haki ya kulipiga marufuku jarida la *Cheche*? Jadili pande zote mbili.
4. Chagua chama kimoja cha shuleni kwenu. Kiulize yale maswali manne, kisha andika insha ya maneno 300 kwa Kiswahili sanifu.